Tathmini ya Nix: zana ya vifurushi isiyofuta ya jana

Anayeandika programu kila siku huipima distro ya Linux, yaani mfumo endeshi kamili uliojengwa juu ya Linux, kwa swali moja kabla ya mengine yote: mradi uliokuwa ukifanya kazi wiki iliyopita, je, utaendelea kufanya kazi baada ya mfumo kusasishwa leo? Wingi wa vifurushi na uzuri wa eneo-kazi havimsaidii mtu ambaye asubuhi ya kukabidhi kazi anakuta maktaba moja, yaani msimbo wa pamoja unaotegemewa na programu nyingine, imebadilika toleo na majaribio yote yamegoma. Zana nyingi za kusimamia vifurushi, yaani programu zilizofungashwa tayari kusakinishwa, zilisanifiwa kwa ajili ya msimamizi wa seva au mtumiaji wa kawaida, ambao wanachohitaji ni toleo jipya na salama, basi. Nix, pamoja na NixOS, distro iliyojengwa juu yake, imesanifiwa kwa kulianzia swali la msanidi programu. Kwa sababu hiyo naiona kuwa ndiyo zana ya vifurushi iliyofikiriwa kwa kina zaidi kati ya zote ninazozifahamu, ingawa bei yake ni kubwa, na kwa sisi tunaonunua intaneti kwa bando bei hiyo ni kubwa zaidi.

Tuanze na jinsi zana nyingine zinavyofanya kazi. Katika Debian, Ubuntu, Fedora na Arch, faili za vifurushi vyote huwekwa katika saraka za pamoja, yaani /usr/bin, /usr/lib na nyinginezo. Kwa kawaida kila programu ina nafasi moja tu, na toleo jipya linapofika huandikwa juu ya lile la zamani. Usanifu huu una mantiki yake: diski haijai haraka, na tundu la kiusalama katika maktaba moja huzibwa mara moja kwa programu zote zinazoitegemea. Tatizo ni kwamba programu zote katika kompyuta hulazimika kukubaliana juu ya toleo moja, na makubaliano hayo huvunjwa na kufungwa upya kila unaposasisha. Arch, distro inayopendwa sana na wasanidi kwa sababu ya pacman, zana yake ya vifurushi, na wepesi wake, inasema bila kuficha kwamba haikubali kusasisha sehemu tu ya mfumo: ukitaka toleo jipya la programu moja, sasisha kila kitu. Kwa mwenye mradi mmoja unaokwenda na wakati, hilo halina shida. Kwa mwenye miradi mitatu ya wateja watatu, mmoja wao akiwa bado anaendesha toleo la zamani la hifadhidata ya PostgreSQL, ni mtihani.

Eelco Dolstra alianza kuiunda Nix mwaka 2003 katika Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, na akaeleza nadharia yake kwa ukamilifu katika tasnifu ya uzamivu ya mwaka 2006. Wazo lenyewe linaelezeka kwa maneno machache. Hakuna kinachoandikwa juu ya kingine. Kila kifurushi hupewa saraka yake peke yake ndani ya ghala moja, /nix/store, na jina la saraka hiyo huanza na heshi, yaani alama ya utambulisho, ya herufi na tarakimu 32, kisha kistari, kisha jina la kifurushi na toleo lake. Heshi hiyo hukokotolewa kutokana na kila kilichotumika kukijenga kifurushi: msimbo chanzo, kikusanyaji (zana inayogeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa), hati za ujenzi, vitegemezi vyake na vitegemezi vya vitegemezi hivyo. Kikibadilika kimoja kati ya hivyo, heshi hubadilika, saraka huwa nyingine, na ile ya zamani hubaki ilipo. PostgreSQL mbili zenye matoleo tofauti, au hata mbili zenye toleo lile lile zilizojengwa kwa vitegemezi tofauti, hukaa katika kompyuta moja bila kujuana.

Kuna jambo moja katika ujenzi wenyewe ambalo halisifiwi vya kutosha. Kwenye Linux, Nix hujenga kila kifurushi ndani ya chumba kilichofungwa, ambamo hakuna intaneti wala /usr ya kawaida, na kinachoonekana ni vile tu vilivyotajwa kuwa vitegemezi. Kwa hiyo kitegemezi kilichosahauliwa hujitokeza pale pale, kwa ujenzi kukataa. Yeyote aliyewahi kukabidhi programu inayofanya kazi kwenye kompyuta yake na kugoma kwenye ya mteja, kwa sababu tu maktaba fulani ilikuwepo kwake kwa bahati, ataona thamani ya ukali huo. Ni vizuri kutofautisha hapa mambo mawili ambayo watu huyachanganya: Nix huhakikisha kwamba viambato vya ujenzi ni vile vile, haihakikishi kwamba faili zitakazotoka zitafanana biti kwa biti, kwa maana bado kuna vikusanyaji vinavyochomeka tarehe au mpangilio wa nasibu ndani ya matokeo.

Kusasisha ni sehemu ninayoipenda kuliko zote. Vifurushi vipya vikishakamilika ghalani, Nix hutengeneza kizazi kipya cha mfumo, yaani picha kamili ya programu na usanidi wake wa wakati huo, na hatua ya mwisho kabisa ni kugeuza simlinki moja, yaani kiungo kinachoelekeza kwenye saraka nyingine, itazame kizazi kipya badala ya cha zamani. Kabla ya hatua hiyo hakuna kilichobadilika; baada yake kila kitu kimebadilika kwa pamoja. Linganisha na apt, zana ya vifurushi ya Debian na Ubuntu. Umeme ukikatika katikati ya usasishaji kwenye kompyuta ya mezani, ukiwasha tena unapokewa na ujumbe unaokuamuru uendeshe dpkg --configure -a, na kuna nyakati amri hiyo hutosha na nyakati haitoshi, kwa sababu nusu ya mfumo ni mpya na nusu ni ya zamani. Kwenye NixOS, umeme ukikatika wakati wa kupakua, kompyuta huwaka katika kizazi kile kile cha jana, na vifurushi vilivyokwisha kupakuliwa kikamilifu hubaki ghalani vikisubiri uendelee. Katika miji yetu, ambako umeme hukatika bila hodi, hii ni faida kubwa kuliko inavyodhaniwa na watu walioiandika.

Hata kizazi kipya kikiwa kibovu, kwa mfano kerneli mpya ikikataa kuelewana na kadi ya picha, menyu ya kuwashia kompyuta huorodhesha vizazi vilivyotangulia. Unachagua cha juzi, unaingia, unaendelea na kazi. Mpaka wa uwezo huu ni lazima ujulikane, hata hivyo: kinachorudi nyuma ni programu na usanidi wake, si data. Hifadhidata iliyokwisha kuhamishiwa muundo wa toleo jipya haitarudi katika muundo wa zamani kwa sababu tu umechagua kizazi cha zamani, na anayetegemea Nix badala ya kuwa na nakala rudufu anajitafutia msiba.

Kwa kazi ya kila siku ya msanidi, hata hivyo, si lazima mtu aguse mfumo mzima. Uzuri wa Nix huonekana vizuri zaidi ndani ya mradi. Unaweka faili ya flake.nix katika saraka ya mradi, ukitaja kwamba unahitaji, tuseme, Python, Node, PostgreSQL na Redis. Nix hutengeneza flake.lock, inayoandika kwa usahihi ni hali ipi ya mkusanyiko wa vifurushi, unaoitwa Nixpkgs, iliyotumika. Faili zote mbili huingia katika git pamoja na msimbo. Mwenzako akichukua mradi na kuandika nix develop, anapata gamba la amri lenye zana zile zile, zilizojengwa kwa viambato vile vile, iwe anatumia NixOS au Ubuntu; akiwa na Mac au kichakataji cha aina nyingine, anapata zana kutoka hali ile ile ya Nixpkgs, ila zilizojengwa kwa ajili ya mfumo wake, mradi flake.nix imeutaja mfumo huo. Ukiongeza direnv, zana ndogo ya pembeni, hata amri hiyo hutaihitaji: ukiingia katika saraka ya mradi zana zinakuwepo, ukitoka zinaondoka. Hakuna kilichosakinishwa katika mfumo, na hakuna cha kusafisha mradi ukiisha.

Wengi watasema kwamba Docker, zana inayofungia programu na mazingira yake ndani ya kontena, inafanya hayo. Inafanya sehemu yake. Faili ya Docker inayoanza kwa apt-get update haielezi mazingira. Inaeleza hatua, na matokeo ya hatua hizo hutegemea siku ulipoziendesha. Taswira (kiolezo ambacho kontena huanzishwa kutokana nacho) iliyojengwa Januari na iliyojengwa Juni kutoka katika faili hiyo hiyo zinaweza kuwa na maktaba tofauti kabisa. Isitoshe, kufanya kazi ndani ya kontena humtenga msanidi na kihariri chake, kitatuzi chake na faili zake, na huhitaji marekebisho mengi ili kuvikutanisha tena. Nix haikutengi na chochote. Na pale ambapo seva ya mteja inadai taswira ya Docker, Nix yenyewe inaweza kuijenga, ikiwa na vile tu vinavyohitajika na programu.

Sasa bei.

Ya kwanza ni bando. Nimesema kwamba heshi hutokana na viambato. Maana yake ni kwamba OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, ikizibwa tundu, kila kifurushi kinachoitegemea, moja kwa moja au kwa kupitia kingine, hupata heshi mpya, hujengwa upya na hulazimika kupakuliwa upya, hata kama faili zake hazikubadilika hata biti moja. Katika Debian, marekebisho hayo hayo ni faili chache za megabaiti chache. Glibc, maktaba ya msingi inayotegemewa na karibu programu zote, ikibadilika ndiyo basi: karibu kila kilichomo ghalani hurudiwa. Watunzaji wa Nixpkgs hulijua hilo, na mabadiliko makubwa ya namna hiyo hukusanywa katika tawi la pembeni na kuingizwa kwa mafungu, jambo linalopunguza idadi ya mara zinazokuumiza bila kupunguza uzito wa kila mara. Hakuna upakuaji wa tofauti tu kati ya toleo na toleo, kama ule ambao Fedora ilikuwa nao kwa miaka mingi kupitia deltarpm kabla ya kuuacha. Upo mpango wa kuyatambua matokeo kwa yaliyomo badala ya viambato vyake, ili ujenzi uliotoa matokeo yale yale usisababishe msururu wa upakuaji, lakini mpango huo umekaa miaka mingi katika hali ya majaribio. Ingekuwa juu yangu, huo ndio ungetangulizwa mbele ya kazi nyingine zote, kwa kuwa usanifu unaochukulia intaneti kuwa ya bure huwaacha nje wasanidi wengi wa dunia.

Kuna namna ya kuishi nayo. Faida ya flake.lock ni kwamba hakuna kinachosasishwa hadi wewe mwenyewe uamuru kwa nix flake update, hivyo unaweza kupanga upakuaji mkubwa kwa siku uliyo na mtandao mzuri. Ielekeze miradi yako yote katika hali moja ya Nixpkgs inapowezekana, kwa maana miradi mitano iliyofungwa katika hali tano tofauti itakuletea glibc tano, Python tano na kila kitu mara tano. Na mahali palipo na wasanidi kadhaa, mmoja apakue, wengine wachukue kwake: amri ya nix copy huhamisha kifurushi pamoja na vitegemezi vyake vyote kwenda kompyuta nyingine kupitia ssh, au kwenye flashi kwa anwani inayoanza na file://. Sahihi za kidijitali za seva kuu ya kache, yaani seva ambako vifurushi vilivyokwisha kujengwa hupakuliwa, husafiri pamoja na vifurushi, kwa hiyo kompyuta inayopokea huvithibitisha bila kugusa intaneti. Vile tu ulivyojenga mwenyewe ndivyo vitakavyohitaji sahihi yako. Kwa ofisi ndogo yenye laini moja ya intaneti, sijaona zana nyingine ya vifurushi inayolifanya jambo hili kwa unadhifu huo.

Diski nayo huliwa. Kwa kuwa hakuna kinachofutwa, ghala hukua hadi makumi ya gigabaiti usipokuwa na habari, na ni wajibu wako kuzoa taka kwa nix-collect-garbage -d, amri inayofuta vizazi vya zamani na kila kisichotegemewa na kizazi kilichopo. Hapa pana mtego ambao mgeni lazima aonywe. Mazingira ya mradi uliyoyafungua kwa nix develop hayahesabiwi kuwa yanatumika pindi ukiyafunga, hivyo uzoaji wa taka utayafagia, na kesho yake utanunua bando lingine ili kuyarudisha. Dawa yake ni nix-direnv, ambayo huyasajili mazingira ya mradi yasiguswe. Kwa maoni yangu hili lilipaswa kuwa tabia ya kawaida ya zana yenyewe, wala si nyongeza ambayo mtu huijua baada ya kuumia.

Bei ya pili ni lugha. Kila kitu katika Nix huandikwa kwa lugha yake mahususi, ambayo ni ya kifunksheni, huchelewesha ukokotoaji hadi thamani ihitajike, na haikagui aina za data mapema. Lugha yenyewe ni ndogo, na mtu aliyezoea kuandika programu ataisoma kwa siku chache. Ugumu uko kwenye makosa. Kwa kuwa ukokotoaji hucheleweshwa, kosa ulilolifanya katika faili yako huja kulipuka ndani kabisa ya Nixpkgs, na ujumbe unaopewa ni mlolongo mrefu wa faili ambazo hujawahi kuzifungua, wakati mwingine ukimalizikia kwa lalamiko la mzunguko usio na mwisho lisilosema mzunguko huo umeanzia wapi. Matoleo ya karibuni yameboresha ujumbe huo, nami nawapongeza waliofanya kazi hiyo, lakini bado uko mbali na kile ambacho mtumiaji wa Rust, kwa mfano, amezoea kuelezwa na kikusanyaji chake. Guix, iliyoanzishwa na Ludovic Courtès mwaka 2012 kwa kufuata nadharia hiyo hiyo, ilichagua Scheme, lugha iliyokwisha kuwepo na yenye vitabu na zana zake. Naamini walichagua vyema, japokuwa mkusanyiko wao ni mdogo ukilinganishwa na Nixpkgs yenye vifurushi zaidi ya 100,000.

Jambo la matoleo huwashangaza wengi. Mtu husikia kwamba Nix huweka matoleo mengi pamoja, akadhani ataandika Node 18.12 na kuipata. Sivyo. Kila hali ya Nixpkgs ina, kwa vifurushi vingi, toleo moja tu, au moja kwa kila tawi kuu linalohudumiwa. Ukitaka toleo mahususi la zamani, itakubidi utafute ni hali ipi ya Nixpkgs iliyokuwa nalo, na kuitaja hali hiyo katika faili yako, pamoja na glibc na mengine yote ya wakati huo. Inawezekana, na seva ya kache imekuwa ikihifadhi matokeo ya ujenzi ya miaka mingi nyuma, lakini kwa zana inayolenga wasanidi hili ni pengo la kweli: pip, npm na Cargo, zana za vifurushi za Python, JavaScript na Rust, zimewazoesha watu kutaja toleo na kulipata.

Halafu kuna programu zilizokusanywa kwingine. Katika NixOS hakuna /usr/lib, na kipakiaji cha maktaba hakipo mahali ambapo programu za Linux hukitarajia. Ukisakinisha numpy, maktaba ya hesabu ya Python, kwa pip ndani ya mazingira ya kawaida, itapakuliwa vizuri na kisha itakataa kufunguka ikilalamika kwamba haioni libstdc++.so.6, ijapokuwa maktaba hiyo imo ghalani kwa nakala kadhaa. Vifurushi vya npm vinavyokuja na faili zilizokwisha kukusanywa huishia njia hiyo hiyo. Tangu NixOS 24.05 angalau mfumo hutoa ujumbe unaoeleza sababu, badala ya ule wa zamani uliodai kwamba faili iliyo mbele ya macho yako haipo, na kuna nix-ld ambayo huweka kipakiaji mahali panapotarajiwa. Mwenye kazi ya sayansi ya data au kujifunza kwa mashine ajue mapema kwamba sehemu kubwa ya mapambano yake itakuwa hapa.

Mwisho wa lawama zangu ni mchanganyiko wa njia. Kusakinisha kitu kimoja, mtu anaweza kuelekezwa atumie nix-env, nix profile, configuration.nix (faili ya usanidi wa NixOS), au Home Manager (zana ya kusanidi mazingira ya mtumiaji), na kila njia huacha alama zake mahali tofauti. Fleki, yaani mtindo ule wa flake.nix na flake.lock, ambazo karibu kila mwongozo mpya huzipendekeza, zilikuja na Nix 2.4 mwezi Novemba 2021, na bado mradi wenyewe unaziita za majaribio. Anayejifunza peke yake hukutana na miongozo inayopingana, yote ikiwa sahihi kwa wakati ilipoandikwa.

Kwa hiyo namshauri nani aitumie? Msanidi mwenye miradi kadhaa ya muda mrefu, au timu inayopoteza siku nzima kila mfanyakazi mpya anapoandaliwa kompyuta, aichukue bila kusita. Mwanafunzi anayejifunza Python kwenye kompyuta yenye diski ya gigabaiti 128 na bando la wiki abaki kwanza na Debian au Ubuntu; zinamfaa na hazimdai chochote. Na hata anayeichukua asianze kwa kuifuta distro yake na kuweka NixOS. Nix husakinishwa juu ya Ubuntu, Fedora au Arch bila kugusa /usr, hukaa ndani ya /nix, na kuiondoa ni kufuta saraka hiyo pamoja na huduma, akaunti na faili chache za usanidi ilizoziongeza. Chagua mradi mmoja, uandikie flake.nix yenye zana mbili au tatu, uishi nayo mwezi mmoja kabla ya kuongeza mwingine. Kabla ya yote hayo, fungua /etc/nix/nix.conf na uongeze mstari huu, kwani bila huo nix develop na amri nyingine mpya zitakataa kabisa kufanya kazi:

experimental-features = nix-command flakes